Namna ya kuchagua padi ya gemu za kompyuta bila kupigwa

Mtu akiingia dukani kutafuta padi ya kompyuta, swali la kwanza huwa bei, la pili rangi. Muuzaji anatoa tatu au nne kutoka kwenye kabati la kioo, zote zimefanana na za PlayStation, zote anasema zinakubali kwenye PC, na mteja anaondoka na ile yenye taa nyingi. Jioni anachomeka, anafungua gemu la mpira, mchezaji anakimbilia kibendera cha kona mwenyewe na kitufe cha kupiga shuti kinasimamisha mchezo. Anairudisha padi akisema mbovu, muuzaji anaichomeka kwenye mashine yake, inafanya kazi. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kabla ya kutaja padi ipi ni bora, kuna mambo mawili yanayoamua kama utaitumia miaka au utaitupa kwenye droo: Windows inaitambuaje, na stiki zake, vile vijiti unavyozungusha kwa kidole gumba, zimetengenezwa vipi ndani. Mengine yote, kuanzia taa hadi vitufe vya ziada vya mgongoni, ni mbwembwe. Ukiwa na hela chukua, ukizikosa hujapoteza kitu.

Hatua ya 1: Taja gemu kwanza

Chukua gemu unazocheza kweli, sio zile unazopanga kucheza ukipata kompyuta nyingine. Ukishazitaja, padi nyingi zinajitoa zenyewe.

Kama siku yako inaishia kwenye Valorant, funga ukurasa huu. Valorant ya kompyuta haikubali padi, chomeka ya shilingi ngapi. Dota 2 na gemu za kujenga miji au kuongoza majeshi nazo zinataka mausi. Hela ya padi peleka kwenye mausi nzuri na kibodi isiyokwama.

Mpira ndio unaotuuzia padi nyingi huku kwetu, na mpira hauna madai makubwa: stiki ya kushoto iliyo sahihi, vitufe vinavyorudi haraka, na L1 na R1, vitufe vya juu vya mbele, zisizolegea. Padi ya kawaida inatosha kabisa.

Gemu za magari ni habari nyingine. Hapo unahitaji triga, yaani L2 na R2, zinazosoma umebonyeza kiasi gani. Ukikanyaga gesi robo, gari liende robo. Kuna padi nzuri sana ambazo triga zake ni za kuwasha na kuzima tu. Mfano unaojulikana ni Nintendo Switch Pro Controller ya mwaka 2017. Ni imara, inashikika vizuri, lakini kwenye gemu la magari gesi yake ni yote au hakuna, na breki vilevile. Padi nyingi za bei ya chini kabisa zina kasoro hiyohiyo, ila hakuna anayekuambia.

Kwa wapenda ngumi, wa Tekken na Mortal Kombat, tazama vitufe vya mishale kabla ya stiki. Weka kidole gumba juu yake, bonyeza chini, kisha telezesha kwenda kulia bila kuinua kidole. Ukihisi kinagoma au kinaruka pembe, kombo zako zitakuwa zinakatika katikati na utamlaumu mpinzani kwa bahati.

Na kuna kundi la nne, ambalo waandishi wengi wa mambo haya hulisahau: wenye kompyuta za zamani wanaocheza PES 2013 na GTA San Andreas, na wana raha zao. Ninyi hatua inayofuata ni yenu hasa.

Hatua ya 2: Jua padi inaongea lugha gani na Windows

Kwenye Windows kuna njia mbili kuu ambazo gemu hutumia kusikiliza padi. Ya zamani inaitwa DirectInput, ilikuja miaka ya 1990. Ya pili ni XInput, ambayo Microsoft waliileta mwaka 2005 pamoja na Xbox 360.

Tofauti yake ni hii. Kwenye DirectInput padi inajitambulisha kwa namba: nina kitufe namba 1, namba 2, namba 3, na mihimili kadhaa, yaani vipimo vya mwendo wa stiki na triga. Kitufe namba 3 kiko wapi? Kila kiwanda kiliamua chenyewe. Ndiyo maana gemu hulazimika kukuuliza upya kila kitufe, na lisipouliza, shuti linakuwa kusimamisha mchezo. Kwenye XInput hakuna kukisia: padi yoyote inayotumia njia hiyo inajitambulisha kama padi ya Xbox, A ni A, triga ya kushoto ni triga ya kushoto, na gemu linajua kila kitu kilipo. Gemu nyingi za Windows zilizotoka tangu miaka hiyo zimeandikwa zikiitegemea XInput. Nyingine haziisikii padi ya DirectInput hata kidogo.

Basi kanuni ni fupi. Kwa gemu za kisasa, padi iwe ya XInput. Tafuta neno hilo kwenye boksi. Au tafuta swichi ndogo nyuma ya padi yenye herufi X na D, kama iliyopo kwenye Logitech F310. Padi ya namna hiyo inaongea lugha zote mbili, unachagua mwenyewe. Ukiichomeka na Windows ikaiita padi ya Xbox 360, umepata. Ikiiita Generic USB Joystick au Twin USB, ujue uko kwenye DirectInput, na pengine umeshika zile padi mbili zinazouzwa kwa waya mmoja, zenye umbo la PS2.

Sitaki kuzisema vibaya padi hizo pacha. Kwa PES 2013 zinatosha: ndani ya folda ya gemu kuna programu ndogo ya mipangilio, settings.exe, ambapo unapanga kila kitufe mara moja na unasahau. Ila zina kitufe cha katikati, kimeandikwa Analog au Mode, ambacho watu wengi hawajui kazi yake. Taa yake ikiwa imezimwa, stiki ya kushoto inajifanya vitufe vya mishale: mchezaji anakimbia pande nane tu, mfano wa treni kwenye reli. Ibonyeze taa iwake, mwendo unalainika papo hapo. Nimeona padi nzima ikitangazwa kuuzwa kwa sababu ya kitaa hicho.

GTA San Andreas ina kisa cha kinyume. Ilitoka kwenye kompyuta Juni 2005, kabla XInput haijawa desturi. Ukiichezea kwa padi ya Xbox, gemu linaziona triga mbili kama mhimili mmoja, moja inavuta huku, nyingine kule. Kwa gemu za umri huo, padi yenye swichi ya X na D inakupunguzia maumivu ya kichwa.

Umeshanunua ya DirectInput tayari? Dawa ipo. Programu ya bure inayoitwa x360ce inaifanya padi yako ijitangaze kama ya Xbox 360. Kwa padi za PlayStation ipo DS4Windows. Na Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, yenyewe inafanya kazi hiyo, hata kwa gemu ambalo hukulinunua Steam: ingia kwenye maktaba, ongeza gemu lisilo la Steam, kisha ulifungulie humo. Angalizo moja tu: usiwashe DS4Windows na ya Steam kwa pamoja. Gemu litaona padi mbili, kila kitufe kitahesabiwa mara mbili, na kwenye menyu utakuwa unaruka chaguo moja kila ukishuka.

Hatua ya 3: Xbox, PlayStation, au ya tatu?

Waliokulia kwenye mabanda ya PlayStation wana alama nne kichwani: eksi, duara, boksi, pembetatu. Wakikaa mbele ya kompyuta, gemu linawaonyesha A, B, X, Y. Mtego uko kwenye X. Kwenye padi ya Xbox, X iko pale ambapo boksi lilikuwa. Eksi ya PlayStation iko mahali pa A. Kwa hiyo kwenye mfululizo wa FIFA, ambao sasa unaitwa EA Sports FC, pasi ni A, shuti ni B, krosi ni X, na pasi ya kupenya ni Y. Mtu wa PES naye amezoea shuti kwenye boksi na krosi kwenye duara, kwa hiyo yeye shuti lake ni X. Wiki ya kwanza utapiga krosi golini. Baadaye vidole vinazoea, au gemu linakuruhusu kubadili picha za vitufe kwenye mipangilio.

Nikiulizwa ipi ya kununua kwa kompyuta bila maelezo zaidi, nasema ya Xbox. Unachomeka, imekwisha. Lakini neno Xbox lina vizazi, na sokoni vyote vinauzwa pamoja.

Padi ya Xbox 360 yenye waya bado ni mali, na kwa kompyuta ya zamani ndiyo ningeitafuta. Ya Xbox 360 isiyo na waya ndiyo inayowaliza watu. Haina Bluetooth. Inahitaji risiva yake maalumu ya USB. Ule waya wake wa kuchajia unapeleka umeme tu, haupeleki ishara, kwa hiyo ukiuchomeka kwenye kompyuta padi inachaji na gemu halioni kitu. Muuzaji akikuambia itakubali kwa waya, mwambie aichomeke mbele yako. Na risiva nyingi za kuiga zinazouzwa mtaani hazijisakinishi zenyewe. Unaingia kwenye orodha ya vifaa vya Windows na kuchagua draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukielewa kifaa, kwa mkono.

Padi ya Xbox One ilitoka 2013 ikiwa haina Bluetooth. Iliipata 2016 pamoja na Xbox One S. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi hata bila kuiwasha. Tazama plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo ya Xbox. Ikiwa ni kipande kimoja na LB na RB za juu, kinachong'aa na kutengana na uso wa padi, hiyo ni ya zamani, haina Bluetooth. Ikiwa ni uso uleule wa padi umepanda mpaka juu, Bluetooth ipo. Ya 2020, iliyokuja na Xbox Series X na S, ina tundu la USB-C na kitufe kidogo cha kushirikisha picha katikati. Zote hizi mbili zinakubali waya wa kawaida wa data.

Upande wa PlayStation, ya PS3 iache, isipokuwa kama unayo tayari na unapenda kuhangaika. Windows inahitaji draiva za watu wengine kuielewa. Ya PS4, DualShock 4, ni padi nzuri ya kompyuta kwa anayetumia Steam, ambayo ilianza kuiunga mkono rasmi Desemba 2016. Ya PS5, DualSense, ni tamu mkononi kuliko zote nilizozitaja. Triga zake zinakaza na kulegea kufuatana na kinachotokea kwenye gemu, ila kwenye kompyuta ladha hiyo ipo kwa gemu zilizoandikwa kuiunga mkono tu, na mara nyingi inataka uwe umechomeka waya. Nje ya Steam, gemu lisiloijua DualSense litahitaji DS4Windows. Kulipia DualSense kwa ajili ya PES ni kununua suti ya kwenda kulimia, lakini hela ni zako.

Kundi la tatu ndilo ambalo mimi huwapelekea watu wengi siku hizi: 8BitDo, GameSir na wenzao wa China ambao wanatengeneza padi kwa majina yao wenyewe, bila kujificha nyuma ya nembo ya mtu. 8BitDo Ultimate 2C isiyo na waya ilitoka 2024 kwa dola 30 hivi, na GameSir G7 SE ya waya ina leseni ya Xbox. Zote mbili zina kitu ambacho DualSense ya kawaida na Xbox ya kawaida hazina, nacho ndicho hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Uliza stiki imetengenezwa vipi

Umeshaona mchezaji anatembea pole pole kuelekea upande mmoja wakati hujagusa kitu. Hiyo ni stiki inayoteleza, na ndiyo inayoua padi nyingi kuliko kuangushwa.

Ndani ya stiki ya kawaida kuna vipande viwili vidogo vya kupima mzunguko, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Kila kimoja kina njia nyembamba ya kaboni na kidole cha chuma kinachosugua juu yake kila unaposogeza. Miezi inapita, kaboni inalika, unga wake unabaki humohumo, na kipimo kinaanza kusema stiki imesogea wakati imetulia. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme inasaidia kwa muda, kisha tatizo linarudi. Fundi anaweza kubadili stiki nzima, lakini imelehemewa kwa pini nyingi, na fundi asiye na mkono mwepesi anaweza kukuharibia bodi.

Stiki za sumaku hazina msuguano huo. Kuna sumaku ndogo chini ya stiki na kihisi kinachosoma uelekeo wake bila kugusana, kwa kanuni iliyogunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Wala si jambo geni kwenye gemu: Sega Dreamcast ya 1998 ilikuwa nayo. Kwenye boksi utaona Hall Effect, au TMR ambayo ni toleo jipya zaidi linalotumia umeme kidogo. Ukikuta moja ya maneno hayo kwenye padi ya XInput yenye bei ya wastani, chukua na uende nyumbani.

Nisitie chumvi. Stiki ya sumaku bado ina springi, na springi inachoka. Mpira wa juu unachubuka vilevile. Na mtu anayecheza saa moja Jumamosi atafika mbali na stiki ya kaboni. Ila kama padi inakaa sebuleni na watoto wanne wanapokezana kutwa, au unafungua kibanda chako, tofauti ya bei inajirudisha yenyewe.

Hatua ya 5: Waya au bila waya

Kwa kompyuta, waya ndio chaguo langu la kwanza. Hauchaji, hauunganishi, haukatiki dakika ya tisini. Unakaa hatua moja kutoka kwenye skrini, huo uhuru wa kuzunguka chumbani unaenda nao wapi?

Ukitaka bila waya, zipo njia mbili. Ya kwanza ni risiva ndogo ya USB inayokuja ndani ya boksi la padi. Inajibu haraka na haihitaji Bluetooth. Usiipoteze, kwa sababu risiva ya padi nyingine haitakubali. Na usiichomeke nyuma ya kasha la kompyuta karibu na tundu la USB la rangi ya bluu lenye flashi au diski ya nje: USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na risiva, na padi inaanza kukata. Ichomeke mbele, au tumia kipande cha waya wa kurefushia.

Njia ya pili ni Bluetooth. Laptop nyingi wanayo, kompyuta za mezani nyingi hawana, hasa zile zilizotoka maofisini. Padi ya Xbox yenye Bluetooth unashikilia kitufe kidogo cha juu karibu na tundu la waya mpaka nembo iwake-wake haraka; ya PS4 unashikilia Share pamoja na kitufe cha PS, ya PS5 ni Create na PS. Padi moja kwa Bluetooth inaenda vizuri. Mbili kwenye laptop ya bei ya chini, moja huanza kuchelewa, na aliyefungwa atasema ilikuwa yake.

Betri zitazame pia. Xbox inatumia betri mbili za AA, na Microsoft wanazipa hadi saa 40. Nunua za kuchaji nne, mbili ndani, mbili kwenye chaja. DualShock 4 na DualSense zina betri ya ndani ambayo ikichoka inamtaka fundi au inabaki kutumika kwa waya.

Hatua ya 6: Dukani, na laptop begani

Iwe ni Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, nenda na laptop yako. Risiti nyingi zimegongwa mhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo majaribio yote yafanyike kabla hela haijabadili mfuko. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukatalia. Anayekukatalia amekujibu.

Nenda na waya wako wa USB pia, ule unaojua unahamisha picha kutoka kwenye simu. Nyaya nyingi za mtaani ni za kuchajia tu, na utadhani padi imekufa kumbe waya hauna nyuzi za data. Tundu la PS4 na la Xbox One ni micro-USB; la PS5 na la Xbox ya 2020 ni USB-C.

Sasa fanya hivi. Chomeka padi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Linafunguka dirisha dogo lenye orodha ya padi zilizounganishwa. Soma jina kwanza. Kisha fungua sifa zake, uende kwenye ukurasa wa majaribio. Utaona kisanduku chenye alama ya kujumlisha katikati: hiyo ndiyo stiki ya kushoto. Isogeze mpaka mwisho, izungushe taratibu, alama ifike pembezoni pande zote. Kisha ivute upande mmoja na uiachie ghafla. Irudi pale ilipokuwa. Rudia kwa juu, chini, kulia, kushoto. Kupishana kidogo na kitovu kunavumilika, maana gemu hupuuza mwendo mdogo sana. Kutetemeka wakati hujagusa, au kurudi mahali tofauti kila mara, ni sababu ya kuomba nyingine.

Bonyeza kila kitufe, na kila kimoja kiwashe taa yake moja tu. Kwa padi ya XInput usishtuke ukiona triga zote mbili zinacheza kwenye mstari mmoja, moja ikiujaza na nyingine ikiupunguza, na ukizibonyeza zote mstari unasimama katikati. Ni ule mhimili mmoja niliousema kwenye San Andreas. Ndani ya gemu za kisasa zinasomwa mbalimbali. Unachotazama hapa ni kama mstari unapanda kidogokidogo kidole kinavyozama. Ukiruka kutoka sifuri hadi mwisho, triga hizo ni za kuwasha na kuzima.

Feki za DualShock 4 zimejaa kila kona, na nyingine zimeigwa vizuri kwa macho. Fungua Steam, ingia kwenye mipangilio ya padi, ujaribu eneo la mguso la katikati na uwezo wa padi kuhisi inapoinamishwa. Vitu hivyo ndivyo waigaji wengi huviruka, kwa kuwa mnunuzi wa haraka havijaribu. Tikisa padi karibu na sikio. Isisikike kitu kinachocheza ndani. Pitisha kucha kwenye mshono wa pande mbili za plastiki, usikwaruze. Na bei nayo inasema: Xbox ya 2020 ilitoka Marekani kwa dola 60, DualSense kwa dola 70, kabla ya usafiri na ushuru. Anayekuuzia DualSense "orijino mpya kwenye boksi" kwa theluthi ya hapo ana jambo analolijua ambalo hujaambiwa. Feki si lazima uikimbie. Ilipie bei ya feki tu.

Za mtumba zinazotoka Ulaya na Dubai naziamini kuliko feki mpya, kwa sharti kwamba stiki zimepita jaribio la joy.cpl. Mpira wa stiki uliochubuka ni shilingi chache. Stiki inayoteleza ni kazi ya fundi.

Hatua ya 7: Ikifika nyumbani

Padi ya Xbox isasishe kwa programu ya bure ya Xbox Accessories kutoka duka la Microsoft; padi inayokatakata kwenye Bluetooth mara nyingi hupona hapo. Nyingine za 8BitDo na GameSir zina programu zao za kufanya hivyohivyo.

Stiki ikianza kuteleza kidogo, kabla ya kwenda kwa fundi tafuta kwenye mipangilio ya gemu au ya Steam sehemu ya ukubwa wa eneo mfu (dead zone), yaani mwendo mdogo wa stiki ambao gemu hupuuza, uiongeze pole pole mpaka mchezaji atulie. Ukizidisha, utapoteza miguso midogo na mchezaji atakuwa mzito kuanza, lakini padi itakufikisha miezi kadhaa mbele.

Kama mchezaji ana ulemavu wa mkono au vidole, usimlazimishie padi ya kawaida. Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, yenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomeka swichi za nje zinazobonyezwa kwa kiwiko, goti au mguu, na inakubali kwenye Windows. Sony walifuata na Access mwishoni mwa 2023, ila hiyo wameilenga PS5.

Mwisho ni padi ya pili, maana mpira wa peke yako unachosha. Inunue yenye lugha ileile na ya kwanza. Ukichanganya moja ya XInput na moja ya DirectInput, gemu nyingi zitaiona moja tu, na mgeni wako atabaki anatazama. XInput ina nafasi nne, zinazogawiwa kwa kufuata aliyetangulia kuunganishwa. Ikiwa mgeni amekuwa mchezaji wa kwanza na wewe wa pili, zima gemu, chomoa zote, chomeka yako, kisha yake, ndipo ufungue gemu tena. Gemu nyingi za zamani husoma padi mara moja tu zinapofunguka, kwa hiyo hata ukichomeka katikati ya mechi haitaonekana mpaka uanze upya.